Saa Imeongezwa, Shilingi Bado
Mazungumzo na wazazi na viongozi wa jumuiya, Mtawanya



Nimeombwa nizungumze juu ya msaada wa fedha kwa vijana wenye ulemavu, au wenye shida katika kujifunza, wanaofika chuo kikuu. Najua wapo wanaosema moyoni kwamba mada hii iko mbali nasi, maana kwetu hata sekondari ni safari kwa mtoto asiyeona. Lakini Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Watanzania wapatao 11 katika kila 100, wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, wana ulemavu wa aina fulani. Watoto wetu wamo katika hesabu hiyo, wengine wakiwa wamekaa ndani.

Nianze na jambo ambalo Taifa limelifanya vyema. Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Sijasikia mzazi akilalamika kwamba huo ni upendeleo. Tumekubali sote kwamba saa moja ya mtoto anayesoma nukta nundu kwa vidole si sawa na saa moja ya mwenzake anayeona.

Sasa tuitazame shilingi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Katika kugawa mikopo huwapa kipaumbele yatima, wanaotoka katika familia maskini, na wenye ulemavu. Hilo ni jema. Lakini fedha ya chakula na malazi, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, imepimwa kwa tumbo na kitanda tu. Kijana asiyeona hutafuta mwenzake wa kumsomea kitabu ambacho hakijachapwa kwa nukta nundu, na mwenzake huyo naye ana masomo yake na njaa yake. Asiyeweza kutembea hawezi kupanga chumba cha bei nafuu kilicho mbali na chuo. Akikipanga, kila asubuhi ni nauli ya bajaji. Asiyesikia huhitaji mkalimani wa lugha ya alama. Elfu kumi ya mwanafunzi mwingine huishia katika sahani. Yake hugawanyika kabla ya kuifikia sahani. Ni kweli kwamba vyuo navyo husaidia: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha elimu maalumu. Hata hivyo kitengo hakiwezi kumfuata mwanafunzi sokoni wala njiani.

Tena mkopo ni deni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato ya mnufaika aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wake, badala ya 8 ya awali. Kwa hiyo kijana aliyetumia mkopo kulipia macho ya mwenzake ataendelea kuyalipia miaka mingi baada ya kuhitimu. Kwa maoni yangu gharama inayoletwa na ulemavu wenyewe yafaa iwe ruzuku, isiandikwe katika deni lake kamwe. Hili tuwaambie wabunge wetu waziwazi.

Makanisa hayakuanza vibaya. Waanglikana walifungua shule ya wasioona ya Buigiri mwaka 1950. Mwaka 1963 Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora, na Walutheri shule ya wasioona ya Irente, Lushoto. Tuliwapokea darasa la kwanza, kisha wengi tukawaaga kwa harambee na picha ya pamoja. Bartimayo alipopaza sauti, watu walimwamuru anyamaze. Yesu alimwita, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Ni kamati ngapi za harambee zimewahi kumwuliza mwanafunzi swali hilo kabla ya kumnunulia kitu?

Yuko pia yule ambaye ulemavu wake hauonekani: mwenye akili ya kueleza jambo kwa mdomo likaeleweka, lakini herufi humchanganya, na kusoma ukurasa mmoja humchukua jioni nzima. Huyu tangu utotoni ameitwa mvivu, akachapwa. Wazazi, mwalimu akiliona jambo hili, mwombeni aliandike, nanyi mkaonane na mganga mapema. Kijana akifika chuoni bila maandishi yoyote, hana cha kuonyesha.

Hapa ndipo sisi wa Kibiti tunapopoteza haki hata ile iliyokwisha kutolewa. Maombi ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka kwa muda mfupi. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, saini za viongozi wa kijiji au mtaa, na kwa mwenye ulemavu, fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Mtu wa Salale au Kiongoroni husubiri maji yajae ndipo mashua iondoke. Akielekezwa mkoani, Kibaha, hupitia Dar es Salaam. Wakati huo fedha ya korosho imekwisha, na ya msimu mpya haijaja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitufundisha pia kwamba karatasi iliyowekwa chini ya godoro huondoka pamoja na godoro.

Kwa sababu hiyo Tume ya Haki na Amani haitasubiri matokeo ya kidato cha sita. Katibu ana daftari mezani pale nje. Mzazi aandikishe jina la mtoto, darasa lake, aina ya shida, na hati alizo nazo, awe Mkristo au Mwislamu, awe darasa la tatu au kidato cha tano. Asiye na cheti cha kuzaliwa aseme leo. Nauli ya kwenda kwa mganga itatoka katika sadaka ya jumuiya, na kijana mwenyewe aje, kwa kuwa maswali tutamwuliza yeye.