Asubuhi ya Mwuza Sambaza



Alfajiri huko Rubona, katika sekta ya Nyamyumba nchini Rwanda, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, wanarudi kutoka Ziwa Kivu. Mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na taa zilizokesha zikivuta samaki zimeshazimwa. Akina mama wanangoja ufukweni na mabeseni yao.

Sambaza mbichi hawangoji mtu. Jua likichomoza, mnunuzi hulipa bila maneno mengi. Ikifika saa sita, mnunuzi yuleyule anainama, ananusa, anauliza, "Mwisho ngapi?"

Mama ana njia tatu: auze papo hapo kwa mchuuzi wa jumla, awaanike, au awakimbize hadi mpakani Petite Barrière kwa wanunuzi wa Goma, Kongo. Anayeuza papo hapo husemwa vibaya. Eti hajui biashara, eti anajipunja, kwani Goma kuna bei nzuri.

Mimi nasema anajua sana. Tuseme Goma angepata faranga 3,000 zaidi kwa beseni. Toa nauli ya kwenda na kurudi, faranga 1,200. Zinabaki 1,800, na wanaomlaumu wanaishia hapo. Yeye anaendelea. Siku hiyohiyo ameitiwa kibarua cha kupalilia maharage kwa faranga 2,000. Akienda mpakani, kibarua kimepotea. Kwa hiyo safari ya faida imemtia hasara ya faranga 200, na bado hatujaihesabu foleni, samaki wakilegea ndani ya beseni. Wachumi huiita hiyo gharama mbadala: thamani ya kile kilicho bora kuliko vingine vyote ulivyoviacha ili upate ulichochagua. Haiandikwi kwenye risiti yoyote, lakini inalipwa.

Hesabu hiyo hubadilika. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, sambaza huadimika, mnunuzi wa Goma huwa radhi kutoa zaidi, na safari hulipa. Asiye na kibarua siku hiyo naye ana haki ya kwenda.

Na kuna hesabu nzito zaidi. Kila mwaka uvuvi katika Kivu husimamishwa kwa miezi kama miwili ili samaki wazaane. Ni uamuzi mzuri, nauunga mkono. Ila samaki wa kesho watatufaa sote, na mlo unaokosekana leo ni wa nyumba ya mvuvi. Akinung'unika, tusimwite mkaidi kabla ya kuuliza nyumbani kwake wanakula nini.

Neno langu ni kwenu viongozi na mashirika mnaoitisha mikutano na mafunzo ya bure saa mbili asubuhi. Kwa mwuza sambaza si ya bure. Anayalipia kwa beseni zima. Yapangeni alasiri, samaki wakiwa wameshauzwa, naye atakuja.