Fungu la Sokoni na Kilo ya Dukani

Mtu aingiaye soko la Garsen kutafuta maembe yaliyochumwa katika mashamba ya Wapokomo kandokando ya Mto Tana, huuziwa kwa fungu, na mchele hupimiwa kwa kopo, ilhali dukani hesabu ni ya kilo. Basi kulinganisha bei kabla ya kuafikisha vipimo ni kazi batili. Likagueni kopo lenyewe: kitako kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, ujazo umepungua. Fungu la shilingi 50 likipimwa mizani likatoka gramu 800, kilo yake ni shilingi 62 na nusu.

Wala msidhani kila kilichotandazwa juu ya gunia ni cha jirani. Viazi na vitunguu aghalabu huja kwa lori kutoka mbali, sawa na vya dukani, na nauli imo beini. Nafuu ya yakini imo katika embe, ndizi na samaki wa mtoni, hususan katika msimu wake. Lakini mto ufurikapo, kama mwishoni mwa 2023, mashamba huzama, barabara hukatika, na bei hupanda sokoni na dukani kwa pamoja.