Kahawa Yenye Ladha ya Udongo: Somo Kutoka Sumatra

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za miradi za sharika)



Nimeombwa nizungumzie kahawa, nami nimechagua kahawa isiyo ya kwetu, yaani ile ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Waonjaji husema ina ladha ya udongo uliolowa mvua, mbao, tumbaku na viungo. Ni nzito mdomoni na uchachu wake ni mdogo. Mkulima wa Kilimanjaro, aliyefundishwa kwamba kahawa bora ni ile safi yenye uchachu mzuri, akisikia sifa hizo atadhani anasomewa sababu za kushushiwa daraja. Hata hivyo, kahawa za Lintong, Mandheling na Gayo zina wapenzi wengi Marekani, Ulaya na Japani.

Je, ladha hiyo inatoka wapi? Wengi hudhani inatoka ardhini. Ni kweli kwamba udongo, mwinuko na aina ya mibuni huchangia. Lakini sehemu kubwa ya ladha ile hutokana na namna ya kuandaa kahawa, ambayo wenyeji huiita giling basah, maana yake kukoboa ikingali mbichi.

Tulinganishe. Kwetu Kilimanjaro, arabika humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja ikiwa ndani ya ngozi yake ngumu, mpaka unyevu ushuke kufikia kama asilimia 11 au 12. Baada ya hapo ndipo hupelekwa kiwandani kukobolewa. Ngozi ile huilinda punje muda wote wa kukauka.

Sumatra mambo ni tofauti. Mkulima humenya kahawa nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono, huivundika usiku mmoja, huiosha na kuianika saa chache au siku moja tu. Kisha huipeleka sokoni ikiwa bado imejaa maji. Mnunuzi huianika kidogo tena, halafu huikoboa ikiwa na unyevu wa kama asilimia 30, wakati punje ni laini na imevimba. Ndipo punje humalizia kukauka ikiwa uchi, bila ngozi, mpaka asilimia 12 au 13. Ikikauka huwa na rangi ya kijani inayoelekea buluu. Nyingine hupasuka ncha kwenye mashine, na wenyeji huziita kuku kambing, yaani kwato za mbuzi. Ni katika safari hiyo ya punje laini kwenye hewa yenye unyevu ndipo uchachu hupungua na ile ladha nzito hujengeka.

Hapa tusichanganye mambo. Ladha ya udongo inayosifiwa si ukungu, wala si uchafu. Kahawa iliyoanikwa ovyo juu ya ardhi tupu au kurundikwa ikiwa mbichi huharibika, Sumatra kama hapa kwetu, na mnunuzi makini huikataa.

Sasa tuulize kwa nini wakulima wale wanafanya hivyo. Sababu ya kwanza ni mvua. Katika nyanda za juu za Sumatra hunyesha karibu kila mwezi, na kukausha kahawa ndani ya ngozi huchukua muda mrefu na ni hatari. Kwetu Kilimanjaro sehemu kubwa ya mavuno huangukia miezi ya kiangazi. Sababu ya pili ni fedha. Mkulima mdogo anahitaji kuuza siku ya soko ili anunue chakula na kulipa ada. Hawezi kungoja wiki tatu.

Iko aina ya arabika huko iliyoidhinishwa rasmi na serikali ya Indonesia mwaka 2005. Huzaa mapema, na wakulima waliipa jina la Kibatak, Sigarar Utang, maana yake mlipa madeni. Sisi tunasema dawa ya deni ni kulipa. Wao jina hilo wameupa mbuni.

Wabatak wanaoishi kandokando ya Ziwa Toba, inakotoka kahawa ya Lintong, si wageni kwetu. Kanisa lao la HKBP lilianza mwaka 1861, na ni mwanachama wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kama KKKT. Na deni la mkulima wa kahawa tunalifahamu. Kagera kuna neno butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya shida. Tofauti ni kwamba butura humnyima mkulima mavuno yake, wakati giling basah imempa soko. Lakini hata huko, anayeuza kahawa yenye maji huuza uzito wa kukadiriwa, na thamani inayoongezeka baada ya hapo huongezeka mikononi mwa mwingine.

Je, tuige njia yao? Hapana. Hali yetu ya hewa inaturuhusu kukausha vizuri, na wanunuzi wetu wanatufahamu kwa kahawa safi. Somo ni jingine.

Kila mwaka sharika huleta maombi ya mashine za kumenyea na vichanja, na wahisani hutoa kwa moyo. Ni vema. Lakini kichanja kinamtaka mkulima asubiri, na mwenye njaa hasubiri. Kabla ya kujaza fomu ya maombi, kamati iulize: kati ya kuchuma na malipo ya awali, familia hii itakula nini? Nani anaidai? Majaliwa yatakapofika, ada ya shule itakuwa imelipwa na nani? Usharika wenye kikundi cha kuweka na kukopa kinachofanya kazi una nafasi nzuri zaidi ya kutumia kichanja kuliko usharika wenye vichanja kumi na wakulima waliokwisha kuuza mtini.

Ladha ya kahawa ya Sumatra ni ladha ya mvua na ya haraka ya mkulima. Nasi katika miradi yetu tuiangalie haraka hiyo kwanza, ndipo tuangalie mashine.