Breki Inayong'ang'ania



Wengi wetu tunaendesha magari makuukuu. Vumbi la kiangazi hapa Ngerengere na tope la masika huingia kwenye kalipa za nyuma. Kutu hushika pini na pistoni. Wanafunzi, mmesoma kanuni ya Pascal: shinikizo la mafuta husambaa kila upande. Pistoni iliyoganda husukumwa ikabana, lakini mguu ukitoka kwenye pedali hairudi.

Dalili zake: gari huwa zito, hula petroli, na rimu moja huwa na joto kuliko mwenzake. Sogeza kiganja karibu, usiguse.

Wako mafundi ambao huziba bomba la gurudumu bovu ili gari litembee. Ndugu zangu, tukatae. Gari hilo likiteremka Kiroka na abiria, breki zilizobaki hubeba kazi yote.

Dawa yake ni hii. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, piga jeki, weka stendi. Fungua kalipa, safisha pini, paka grisi ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Pistoni iliyounganishwa na breki ya mkono mara nyingi hurudishwa kwa kuizungusha, si kwa kuisukuma. Iliyoliwa na kutu ibadilishwe. Weka mafuta mapya ya breki, maana ya zamani yamekwisha kunywa unyevu, kisha toa hewa.

Gari lisilosimama vizuri lisiondoke.