Mkalimani Pembeni mwa Skrini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 120, inataja lugha rasmi tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Lakini kwenye runinga, mara nyingi mkalimani wa lugha ya ishara hubanwa kwenye kijisanduku pembeni, mdogo kama stempu, kana kwamba kuonekana kwa mikono kunatosha. Hakutoshi. Katika lugha nyingi za ishara, nyusi zikiinuliwa kauli hugeuka swali. Hasira na mzaha navyo husomwa usoni. Ukimfinya mkalimani, umeifinya sarufi yenyewe. Sisi wa redio, kwa kiziwi, hatuna hata hicho kijisanduku. Basi wenye skrini wampe mkalimani nafasi, hasa taarifa zikiwa za mafuriko au uchaguzi.