Dunia na Delta Yetu: Maneno Yaliyosemwa Kilelengwani



Tumeombwa tuzungumzie hali ya dunia kwa jicho la historia. Huenda baadhi yenu mwajiuliza: vita vya ng'ambo na bei za mafuta vyahusu nini kijiji kisichosahau msiba wake? Hapa hapa, tarehe 10 Septemba 2012, watu wasiopungua 38 waliuawa, wakiwamo askari polisi. Twawaombea rehema wote, bila kuuliza yupi alikuwa wa kabila gani. Kwa ajili yao ndiyo maana tunasema.

Mwanahistoria huuliza maswali matatu: ni nani aliyeamua, ni nani aliyeshirikishwa, na ni nani aliyelipa gharama?

Tuanze na jirani zetu wa Witu. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mkataba mjini Berlin. Uingereza ikatoa kisiwa cha Heligoland, Ujerumani ikaachilia, pamoja na madai mengine, himaya yake ya Witu. Watu wa Witu hawakuulizwa. Oktoba mwaka ule ule, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko, majeshi ya Kiingereza yaliuteketeza mji. Sahihi zilitiwa Berlin. Moto ukawaka Witu.

Mkoloni akatunga sheria za mwaka 1902 na 1915, ardhi yetu ikaitwa ya Mfalme wa Uingereza. Uhuru ulipokuja ikaitwa ardhi ya udhamini, lakini mdhamini mara nyingi hakumwuliza mwenye mali. Mto nao ukazibwa huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme ukaenda mijini, na mafuriko yaliyolisha mpunga wa Mpokomo na malisho ya Muorma yakapungua.

Mwaka 2008 bei za chakula na mafuta zilipanda duniani kote. Ghafla delta yetu ikapata wachumba wengi: Qatar ikasemekana kutaka hekta 40,000 za kulima chakula, wengine wakataka miwa, wengine mimea ya kukamuliwa mafuta ya magari. Hatusemi kwamba wageni hao ndio walioshika mapanga mwaka 2012. Tunasema kwamba watu waliobanwa kati ya mto uliopungua na ardhi isiyo na hati hugombana wao kwa wao, na mwanasiasa mwenye tamaa ya kura hukuta kuni zimekwisha kukauka. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Hapa mkulima na mfugaji wameaminishwa kwamba wao ndio fahali, kumbe wote wawili ni nyasi.

Ndugu wananchi, tusidhani kwamba upepo wa dunia huleta madhara tu. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, madikteta wa Afrika walipoteza wakubwa wa kuwakingia kifua. Novemba 1991 wafadhili wakasimamisha misaada kwa serikali ya Kenya, na Desemba kifungu cha 2A kilichotufunga katika chama kimoja kikafutwa. Lakini mlango huo ulikuwa umekwisha kubishwa na Wakenya wenyewe, walioumizwa na kufungwa tangu Saba Saba ya 1990 na kabla yake. Upepo husaidia jahazi lililokwisha kutweka tanga. Nasi tujihadhari: vyama vingi visigeuzwe kuwa makabila mengi.

Delta hii imekwisha kutweka tanga mara moja. Mwaka 2010 wakazi wake walikwenda Mahakama Kuu, na Februari 2013 Mahakama ikaamuru vyombo vya serikali viandae mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, wananchi wakishirikishwa. Karatasi ilijibiwa kwa karatasi, wala damu haikumwagika.

Leo upepo wavuma tena. Vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vilipandisha bei ya ngano na mbolea. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo, kisha mafuriko yakatuhamisha. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada mingi. Na mataifa yenye viwanda, yaliyochafua hewa, yatafuta misitu na mikoko ya kusafishia hesabu zao.

Basi mjue haki zenu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yasema kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii iliyosajiliwa haufai mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wao. Sheria ya hewa ya ukaa ya 2023 yaitengea jamii sehemu isiyopungua asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi. Lakini jamii isiyosajiliwa ni kama shahidi asiyeitwa mahakamani.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Mkulima na mfugaji wakae pamoja, waandikishe ardhi na njia za ng'ombe kuelekea mtoni. Vijana waandike ushuhuda wa wazee kabla haujazikwa nao. Na kila mtafuta kura, wa chama chochote, aulizwe hadharani: ukiletewa karatasi inayohusu delta hii, utaisoma mbele ya nani kabla ya kutia sahihi?