Mafua Yasiyokwisha kwa Sisi Wenye Kifua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lodwar)

Leo hatukuja kusema habari ya mshahara, ingawa mtaona mbele kwamba mshahara nao umo. Twataka kusema habari ya mafua. Twawaona wengine wanacheka. Mafua ni kitu gani hata yaitiwe mkutano? Kwa mtu mwenye mapafu mazima si kitu: siku saba, siku kumi, yamekwisha, na kikohozi kikibaki nyuma, kwa kawaida wiki ya tatu haipiti nacho kimekwenda. Lakini sisi wenye pumu, sisi wenye mkamba sugu, na sisi tuliopona kifua kikuu kikatuachia makovu mapafuni, mafua hayo hayo yaweza kutulaza mwezi mzima.

Sababu yake ni hii. Njia zetu za pumzi ni nyembamba, nazo zimevimba tangu zamani. Virusi vya mafua vikiingia, uvimbe huzidi, makohozi huwa mengi na mazito, na hewa hukosa pa kupita. Juu ya hayo twakaa Turkana. Upepo ukivuma kutoka kwenye mchanga wa Turkwel au wa Tarach, ni nani asiyelimeza vumbi? Tena kuna moshi wa makaa ya mathenge, na kazi zetu wenyewe: mpakuaji wa magunia ya unga, fundi wa saruji, mpishi wa shule anayeinama juu ya kuni kutwa. Mtu wa namna hiyo akipata mafua, kila siku huliongeza jeraha kabla halijafunga.

Tuna mwenzetu mmoja, mpakuaji wa magunia huko Kakuma. Jina lake tumeliacha, na la tajiri wake pia. Alikohoa wiki tatu akificha, maana aliambiwa kwamba mgonjwa hubadilishwa na mzima. Alinunua vidonge vya rangi mbili dukani, sita tu, kadiri ya fedha aliyokuwa nayo. Siku ya nne vilikwisha. Siku ya tano hakuweza kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi katikati, na jirani zake wakambeba.

Ndugu, vidonge vile haviui virusi vya mafua. Ni dawa ya bakteria. Wakati wake ni pale makohozi yanapozidi, yakageuka rangi kuwa ya manjano au ya kijani, na pumzi ikawa fupi kuliko desturi. Hapo tabibu akituangalia aweza kutupa dawa hiyo, na pengine vidonge vya kupunguza uvimbe kwa siku chache. Hayo ni ya tabibu kuamua, siyo ya mwenye duka. Na wenye pumu wajihadhari na aspirini na dawa za maumivu za jamii yake, maana baadhi yetu hubanwa nazo.

Habari ya pampu. Wengi wetu tukipata mafua huiacha pampu ya kila siku, ile ya kuzuia, tukasema haisaidii. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote tuliyoyaona. Pampu ya kufungua kifua hutuliza kwa saa chache tu; ile ya kuzuia ndiyo inayopunguza uvimbe, na wakati wa mafua ndipo inapohitajiwa zaidi. Tena wengi twapulizia ulimi. Dawa yote yabaki kinywani. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu chupa ya plastiki ya nusu lita yafaa kama chombo cha kununua. Twachukua waya, twaukunja kwa umbo la mdomo wa pampu, twautia moto, twatoboa kitako cha chupa. Pampu huingia pale, kinywa chetu hushika shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, vuta polepole, kisha bonyeza tena. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa.

Pumzi ikibana, kaa, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, utoe hewa polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepuliza chai. Maji, uji na chai ya moto husaidia. Lakini asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye ulimi na ndani ya midomo vimekuwa vya kijivu, au ameanza kuchanganyikiwa, asingoje asubuhi. Kakuma hadi hapa Lodwar ni kama kilomita 120. Mgonjwa wa namna hiyo aanzie hospitali iliyo karibu, huku akitumia pampu njiani.

Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Hospitali za serikali hupima na kutibu bila malipo. Aliyekwisha kupona aweza kuambukizwa tena. Lakini makovu ya zamani nayo hukohoza, kwa hiyo tusikubali kurudishiwa dawa za miezi sita kwa kukisia tu, kabla ya kupimwa.

Sasa mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema hivi: mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo ana haki, katika kila miezi kumi na miwili, ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba nyingine kwa nusu mshahara. Yampasa ampashe tajiri habari mapema awezavyo, na alete cheti cha daktari. Mwenzetu yule hakuwa na cheti, kwa kuwa alificha, na siku zake kumi na moja zilikatwa zote. Tumeziandikia barua, nasi twangoja jibu. Mwenye kifua achukue cheti siku ya kwanza anapokwenda kwa daktari, akiweke nakala.

Chupa tatu tulizotoboa jana ziko hapa mezani. Mwenye pampu asogee mbele ajaribu, na waya umo ndani ya kikapu kwa anayetaka kujitobolea.